Kutoka Kichocheo hadi Ishara: Uhakiki wa Lugha ya Kiswahili katika Kueleza Uundikaji wa Taya la Kiinitete

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna Kiswahili kinavyoeleza uundikaji wa taya katika kiinitete, hasa kazi ya protini ambazo kwa mazoea huitwa vichocheo vya ukuaji. Inadaiwa kwamba neno kichocheo linapotosha maana, na kwamba orodha za istilahi zimeshughulikia nomino zikaviacha vitenzi, ilhali uti wa mgongo wa elimu hii ni vitenzi. Inadaiwa pia kwamba kasoro hizo zina gharama nje ya darasa. Nchini Uganda na kwa majirani zake, machipukizi ya meno ya watoto wachanga hung'olewa ufizini, na majina yanayotumiwa kuyataja yanachangia kitendo hicho.

1. Utangulizi

Kiswahili kiliingizwa katika Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu lugha hiyo, pamoja na pendekezo kwamba ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tangu hapo mjadala mjini Kampala umeelemea maswali mawili: walimu watapatikana wapi, na wananchi watakipokeaje Kiswahili, lugha ambayo wengi waliijua kwanza kupitia vinywa vya askari. Maswali hayo yana uzito wake. Lakini lipo la tatu ambalo huulizwa kwa nadra, nalo ni hili: lugha hiyo ikishapata mwalimu na kibali, itasema nini kuhusu mwili wa mtoto ambaye mzazi wake anaketi kwenye benchi la zahanati?

Taya limechaguliwa hapa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, uundikaji wake ni miongoni mwa sura za biolojia ya kiinitete zilizochunguzwa kwa kina katika miaka thelathini iliyopita. Pili, Kampala ina historia na taya. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto mwenye uvimbe katika pembe zote nne za mataya. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya ugonjwa huo akiuita sarkoma. Wanapatholojia waliofanya kazi mjini humo, Gregory O'Conor na Jack Davies, ndio walioonesha kwamba ulikuwa limfoma. Jina la kwanza halikuwa sahihi, na kusahihishwa kwake hakukuwa suala la kamusi tu. Kulibadili namna madaktari walivyoufikiria ugonjwa wenyewe na mahali walipoutafutia chanzo.

2. Kasoro ya kichocheo

Kabla ya kuhakiki maneno ni lazima jambo lenyewe lielezwe. Kadiri ya wiki ya nne ya uhai wa kiinitete cha binadamu, pande mbili za koo changa huwa na matao ya tishu. Tao la kwanza ndilo litakalotoa taya la chini na sehemu kubwa ya taya la juu. Seli nyingi zitakazounda mifupa hiyo si wenyeji wa mahali hapo. Zimehama kutoka ukingoni mwa mfereji wa neva, upande wa mgongo, zikasafiri hadi usoni. Zinapofika hukuta tabaka la nje la mdomo mchanga, na kati ya wageni na wenyeji huanza majibizano ya kikemikali. Katika panya wa maabara, ambaye ndiye aliyechunguzwa zaidi, sehemu ya tabaka hilo iliyo karibu na bawaba ya taya hutoa protini iitwayo FGF8, na sehemu iliyo karibu na ncha ya kidevu hutoa BMP4. Chini ya eneo la FGF8 seli huwasha jeni ya Barx1, na huko magego huota. Chini ya eneo la BMP4 huwashwa Msx1, na huko huota meno ya mbele.

Mwaka 1998 watafiti wa London, Tucker, Matthews na Sharpe, walichukua mataya ya viinitete vya panya, wakapachika ndani yake shanga ndogo zilizolowekwa katika nogini, protini inayoizuia BMP4 isifanye kazi. Barx1 ikaenea hadi eneo ambalo kwa kawaida haiwaki, na mahali ambapo jino la mbele lilitazamiwa pakaota jino lenye umbo la gego.

Matokeo hayo yapimwe sasa kwa neno kichocheo. Kuchochea, kwa Mswahili, ni kazi ya moto: kuni husogezwa, mwako huongezeka. Neno hilo linabeba wazo la kiasi. Penye kichocheo kingi kutakuwa na ukuaji mwingi, penye kidogo kutakuwa na ukuaji haba. Lakini shanga ile haikulifanya jino liwe kubwa zaidi au dogo zaidi. Ilibadili jino hilo ni jino gani. Kilichobadilika ni utambulisho wa mahali, na hakuna namna ya kulifikia wazo hilo kwa kupitia jikoni. Isitoshe, neno kichocheo lina kazi nyingi tayari. Katika kemia ya shule hutaja kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika; katika safu za afya magazetini hutumiwa kwa homoni; katika saikolojia hutaja kile kinachoamsha itikio. Mwanafunzi anayelikuta kwa mara ya nne katika somo la kiinitete ana haki ya kudhani kwamba amekwisha kulielewa.

Itatetewa kwamba kosa si la Waswahili, kwa kuwa lugha zilizotangulia nazo huziita protini hizi kwa jina la ukuaji. Utetezi huo ni wa kweli, ila hauokoi kitu. Jina hilo ni ajali ya kihistoria. Protini za kwanza za aina hii zilitambuliwa kwa sababu zilizifanya neva au seli za tishu unganishi zikue ndani ya sahani za maabara. Kwa ugunduzi wa namna hiyo Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. BMP nazo zilipewa jina la mfupa kwa sababu Marshall Urist, mwaka 1965, alionesha kwamba unga wa mfupa ulioondolewa madini huweza kuzalisha mfupa mpya ndani ya msuli. Baadaye ikajulikana kwamba protini za ukoo huohuo husababisha seli zilizo kati ya vidole vya kiinitete zife ili vidole viachane. Mtaalamu anayesoma majina hayo katika lugha yake ya kazi hujua kwamba ni makovu ya historia, hivyo huyapuuza. Anayetafsiri neno kwa neno huling'oa kovu na kulipandikiza katika lugha ambayo haikupata jeraha. Msomaji wake hana namna ya kujua kwamba alipaswa kulipuuza.

Pendekezo la makala hii ni ishara. Sababu yake ni ya kisemantiki, wala haihusu uzuri wa neno. Ishara haina maana bila msomaji wake. Bendera moja humwambia nahodha jambo moja na mvuvi jambo jingine, na saa sita haina maana ileile ya saa kumi na mbili. Ndivyo FGF8 na BMP4 zilivyo: maana yake hutegemea ni seli gani inayopokea, wakati gani, kwa kiasi gani, na ikiwa imepitia wapi kabla ya hapo. Alama kama FGF8 zibaki zilivyo, kwa kuwa ni anwani za kimataifa. Kinachohitaji Kiswahili ni maelezo ya kazi yake.

3. Vitenzi vilivyoachwa nje ya orodha

Kazi ya istilahi ya Kiswahili ina heshima yake. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania limekuwapo tangu mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Haitakuwa haki kuzilaumu kamusi hizo kwa kutokuwa na maneno ya mambo ambayo wakati zinatungwa yalikuwa hayajagunduliwa, au yalikuwa yangali mezani kwa watafiti. Lawama, kama ipo, ni kwa umbo la kazi yenyewe: neno la kigeni upande wa kushoto, nomino ya Kiswahili upande wa kulia. Umbo hilo hufaa kwa mfupa, tezi na mshipa, vitu vinavyoweza kuoneshwa kwa kidole. Kiinitete hakina subira hiyo. Kilichoko leo kesho hakipo, na kinachoelezwa si kitu bali uhusiano baina ya vitu viwili vinavyobadilishana hali.

Hapo ndipo Kiswahili kina utajiri ambao wakusanyaji wa istilahi wameupita kama watu wanaopita kisimani wakitafuta bomba. Viambishi vya kauli hufanya bila gharama kazi ambayo lugha nyingine hulazimika kuitungia sentensi nzima. Mwaka 1997 watafiti walieleza kwamba, katika taya changa la panya, FGF8 huruhusu jeni ya Pax9 iwake na BMP4 huikataza, hivyo mahali pa chipukizi la jino hutokana na mvutano wa ishara hizo mbili. Kwa Kiswahili, *huzuiana*. Tabaka la nje na tishu ya ndani hupeana ishara kwa zamu: *hupokezana*. Chomozo za uso hukaribiana, hugusana na *huungana*. Mfupa wenyewe haujiundi wala hauundwi na mtu: *huundika*. Hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivyo kinachohitaji kamati.

Badala yake, vitabu na mihadhara hupenda *kuamuru*. Jeni huamuru, protini hupeleka amri, seli hutii. Pamoja na amri huja ramani: kiinitete hulinganishwa na jengo ambalo mchoro wake ulikamilika kabla ya tofali la kwanza. Picha hizo mbili hurahisisha somo kwa dakika kumi na kulipotosha kwa miaka. Hakuna mahali popote katika kiinitete ambapo taya limechorwa. Aliye karibu zaidi na ukweli ni msuka mkeka, kwa maana ua la mkeka halichorwi kwanza na kujazwa baadaye. Hutokea kwa sababu ukindu huu ulipita juu ya ule hapa na chini yake pale, na kosa la safu ya tatu huonekana safu ya thelathini. Neno ruwaza, ambalo wanaisimu wamelizoea, linaweza kuendelea kutumika kwa matokeo. Kwa mchakato, kusuka linatosha, na halihitaji utetezi mbele ya msomaji yeyote wa pwani au wa Buganda.

4. Juu na chini

Kuna mahali ambapo Kiswahili cha kawaida kinaishinda istilahi ya kitabibu ya Kilatini, na inafaa mahali hapo pakaoneshwa. Kilatini kina jina moja kwa taya la juu na jina jingine, lisilofanana nalo hata kwa sauti, kwa taya la chini. Kiswahili kina taya, kisha mwelekeo. Mwaka 1994 Kurihara na wenzake nchini Japani walionesha kwamba panya wasio na endotelini-1 huzaliwa na kasoro kubwa za uso na taya. Mwaka 2002 Depew, Lufkin na Rubenstein walichapisha matokeo ya panya waliokosa jeni mbili, Dlx5 na Dlx6: taya lao la chini lilichukua umbo la taya la juu, hata na masharubu ya panya yakaota upande usio wake. Mwaka 2008 watafiti wengine walipoiwasha njia ya endotelini katika eneo la juu, taya la juu likaelekea umbo la chini. Yaani mataya hayo mawili ni mpango mmoja, na *-a chini* ni ishara iliyoongezwa juu yake. Kiswahili hakikujua jenetiki, na kukisifu kana kwamba kilijua kungekuwa mzaha. Kilichofanyika ni kwamba hakikuufunga mlango ambao Kilatini kiliufunga. Kamati ambayo kesho itadhani inaisaidia sayansi kwa kubuni majina mawili tofauti itakuwa inaufunga.

Ziwa Viktoria nalo linastahili neno. Samaki wadogo ambao Mwanza huitwa furu na Kampala nkejje wametokeza mamia ya spishi katika muda ambao wanajiolojia wanaukadiria kuwa takriban miaka 15,000. Humphry Greenwood, aliyewahi kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, aliwapanga kwa kutazama zaidi mataya na meno yao: wavunja konokono, wala mwani, wala makinda ya wenzao. Kwa jamaa zao wa Ziwa Malawi, utafiti wa mwaka 2005 ulihusisha tofauti za nguvu ya taya na BMP4 ileile ya panya. Mwalimu wa biolojia wa Uganda anayetafuta mfano wa ishara za taya hana haja ya kwenda kwa ndege wa Galapagos. Anaweza kwenda sokoni. Ila akifika darasani na kufungua kitabu cha Kiswahili kilichotungwa kwingine atakuta furu, na wanafunzi wake hawatajua kwamba ni yule nkejje ambaye unga wake walilishwa utotoni. Istilahi ya kanda ambayo haiorodheshi majina hayo mawili kwa pamoja ni ya kanda kwa jina tu.

5. Jino lililoitwa ugonjwa

Yote yaliyotangulia yangeweza kuachiwa wanaisimu kama isingekuwa kwa jambo lifuatalo. Katika sehemu kadhaa za Uganda, mtoto wa miezi michache anapoharisha, kutapika au kupata homa, fizi zake hukaguliwa. Panapoonekana uvimbe mweupe mahali pa chonge, huambiwa ndiyo sababu ya ugonjwa. Mganga wa jadi huuchimbua kwa kisu, msumari au spoki ya baiskeli. Kinachotoka ni kitu laini, cheupe, wakati mwingine kinachofanana na funza. Huoneshwa mzazi, naye huamini, kwa sababu amekiona. Kilichotolewa ni chipukizi la jino la chonge la utotoni ambalo lingechomoza mtoto akikaribia mwaka mmoja na nusu. Mtoto hubaki na kuhara kulekule, sasa na jeraha juu yake: kutokwa damu, maambukizi, pepopunda, hatari ya virusi kupitia chombo kisichochemshwa. Chonge la ukubwani, ambalo chipukizi lake liko jirani, huweza kuharibika au lisiote kabisa.

Magharibi mwa Uganda uvimbe huo huitwa *ebiino*. Mzizi ni ule wa *eriino*, jino, ambao ndio wa jino la Kiswahili. Kilichobadilika ni ngeli: neno limetolewa katika ngeli ya meno na kutiwa katika ngeli inayolingana na *vi-* ya Kiswahili. Kisarufi, jino limevuliwa ujino na kuwa kijitu. Tanzania, hali hiyohiyo huitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni. Plastiki ni kitu kilichotengenezwa, kisicho cha mwili, kisichooza chenyewe. Anayeambiwa kwamba mwanawe ana plastiki ufizini amekwisha kuambiwa la kufanya. Maandishi ya kitaalamu ya Kiingereza nayo huyaita meno ya uongo, na mfasiri mwenye haraka atayafanya meno bandia, ambayo kwa msomaji wa Kiswahili ni yale ambayo babu huyatia katika bilauri usiku.

Kampeni za afya, kwa nia njema, hujibu kwa kukanusha: meno ya plastiki hayapo. Hapa ndipo penye kosa zito zaidi katika lugha yote inayohakikiwa na makala hii. Mama ameuona uvimbe. Jirani amekiona kilichotolewa. Kumwambia kwamba hakipo ni kumwomba ayakadhibishe macho yake kwa heshima ya afisa. Anachohitaji ni jina la kile alichokiona: hili ni chipukizi la chonge, lilianza kusukwa akiwa tumboni kabla hujaanza kuonekana mjamzito, limelala hapa likingoja zamu yake, na weupe wake ni wa jino ambalo halijakomaa. Sentensi hiyo haiwezekani kwa lugha ya kichocheo na amri. Inawezekana kwa lugha ya kusuka, kungoja na kupokezana, ambayo msemaji tayari anayo.

Mdomo wa sungura unahitaji uhakiki wa namna hiyo. Jina hilo hutweza, na mbadala wake wa kitaalamu, mpasuko, una kasoro iliyojificha zaidi. Kinachopasuka kilikuwa kizima, na kila mpasuko huulizwa nani aliyepasua. Jicho la ukoo humwelekea mama. Lakini mdomo huo haukuwahi kuwa mzima. Chomozo za uso ambazo kwa kawaida huungana kadiri ya wiki ya sita au ya saba hazikuungana. Mdomo usioungana ni jina refu kidogo, ila ni la kweli, na halimtafuti mshtakiwa. Hospitali ya CoRSU huko Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, hufanya upasuaji wa kuuunga. Kitenzi ni kilekile ambacho kiinitete hakikukitimiza, na mzazi anaweza kuelezwa hivyo bila kamusi.

Washauri wa sera watahitaji pia tahadhari moja ili istilahi bora isije ikatumika kudai zaidi ya inavyojulikana. Majaribio ya shanga, ya nogini, ya Barx1 na Msx1 yamefanywa kwa panya, na panya ana meno ya mbele, ana magego, na kati yake ana pengo tupu. Hana chonge. Jino linalochimbuliwa katika fizi za watoto wa Bushenyi ndilo hasa ambalo mnyama wa maabara hawezi kulizungumzia moja kwa moja, hivyo kijitabu chochote kitakachoandikwa kwa ajili ya zahanati kitaje kwa uhakika kwamba chonge huanza kama chipukizi ndani ya ufizi, na kisitaje ni ishara ipi iliyolipa umbo lake.